Mgeni Aliyempa Archie Bunker Vidonge Vyake

Jumamosi usiku, tarehe 11 Desemba 1971, nyumba namba 704 ya Mtaa wa Hauser, huko Queens jijini New York, ilikuwa taabani kwa mafua. Archie Bunker hoi. Binti yake Gloria hoi. Mkwewe Mike, ambaye Archie hampendi hata akiwa mzima, naye hoi. Aliyebaki na nguvu za kusimama ni Edith peke yake, mke wa Archie, anayehangaika kutoka mgonjwa mmoja hadi mwingine, naye karibu aanguke.

Mtaa huo hauko kwenye ramani yoyote ya Queens. Bunker na jamaa zake ni wahusika wa All in the Family, kipindi cha vichekesho cha shirika la televisheni la CBS, ambacho kuanzia msimu ule kiliongoza kwa watazamaji Marekani nzima kwa misimu mitano mfululizo. Lakini usiku ule wa mafua una historia yake. Edith, alipoona maji yamemfika shingoni, aliomba msaada kwa binamu yake Maude. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni alikuja, wenyeji wakapona, na yeye akaondoka na kipindi chake mwenyewe. Kipindi hicho nacho kikazaa kingine.

Ili kuelewa kwa nini mwanamke mmoja aliyetokea kwa nusu saa alitikisa shirika zima, lazima kwanza tumtazame mwenye nyumba.

Archie ni msimamizi kwenye gati la kupakia mizigo, mzungu wa tabaka la wafanyakazi, mwenye kiti chake sebuleni ambacho hakikaliwi na mtu mwingine. Anawasema Weusi, Wayahudi, Wakatoliki, Wapuerto Rico, mashoga, wanawake na vijana wenye nywele ndefu, na kila anaposema anaamini kwamba anatetea nchi yake. Aliyemleta kwenye televisheni ya Marekani ni Norman Lear, mtayarishaji aliyezaliwa New Haven, Connecticut, mwaka 1922, na aliyeruka misheni 52 za kivita katika ndege za kudondosha mabomu wakati wa Vita Kuu ya Pili. Lear alisikia habari za kipindi cha BBC kiitwacho Till Death Us Do Part, kilichoandikwa na Johnny Speight, kuhusu mzee mbaguzi wa London na mkwewe wa mrengo wa kushoto wanaogombana chini ya paa moja. Akamkumbuka baba yake mzazi. Baba huyo, aliyefungwa gerezani Norman akiwa na umri wa miaka tisa, alikuwa na kawaida ya kumwamuru mkewe afunge mdomo, na amri hiyo hiyo ndiyo Archie anayompa Edith karibu kila wiki.

Lear na mwenzake Bud Yorkin walilipelekea shirika la televisheni la ABC episodi ya majaribio mwaka 1968, wakarudia tena mwaka 1969. ABC ikakataa mara zote mbili. Bahati ilikuwa CBS, ambako rais wa shirika, Robert Wood, alikuwa akifyeka vipindi vya mashambani vilivyokuwa bado vinapendwa: The Beverly Hillbillies, Green Acres, Hee Haw, Mayberry R.F.D. Watazamaji wake walikuwa wamezeeka, na wanaonunua matangazo walitaka vijana wa mjini. All in the Family ikaanza tarehe 12 Januari 1971, ikitanguliwa na tangazo la kuwaandaa watazamaji kwa watakachosikia. CBS iliongeza hata watu wa kupokea simu, ikitarajia nchi nzima ipige kulalamika. Simu hazikuwa nyingi.

Hata hivyo palikuwa na kasoro ndani ya ile nyumba, na nadhani Lear aliiona mapema. Archie hakuwa na mtu wa kumjibu barabara. Mike alimjibu kila siku, tena kwa kelele, lakini Mike ni mwanafunzi wa chuo anayekula chakula cha Archie na kulala chini ya paa la Archie. Hoja yoyote anayoitoa inaweza kuzimwa kwa kumkumbusha nani anayelipa bili. Gloria ni mtoto. Edith ana moyo mzuri mno. Humshinda Archie kwa wema, kamwe si kwa maneno. Lionel Jefferson, kijana Mweusi wa jirani, humchezea Archie shere na Archie hagundui kwamba anachezewa. Wote hao walimchoma mzee huyu, lakini hakuna aliyeweza kumsimamisha ukutani.

Alihitajika mtu wa rika lake, asiyemdai wala kudaiwa naye, na anayemfahamu tangu enzi. Lear aliieleza hivyo mwenyewe baadaye: alitaka mtu wa ukoo ambaye chuki yake kwa Archie ina mizizi mirefu. Ndipo akazaliwa binamu Maude, aliyepinga ndoa ya Edith tangu mwanzo na ambaye hapikiki chungu kimoja na Archie kwa miaka mingi. Kwa sura ya mawazo yake, Lear alichota mengi kwa mkewe Frances, mwanamke mtetezi wa haki za wanawake, mwenye ulimi mkali, ambaye miaka kadhaa baadaye alianzisha jarida lililobeba jina la familia yao.

Kwa sauti na kimo, Lear alikuwa ameshajua nani wa kumwita. Bea Arthur alizaliwa Bernice Frankel, New York, mwaka uleule wa 1922. Wakati wa vita alijiunga na kikosi cha akiba cha wanawake cha wanamaji wa Marekani, akapiga chapa na kuendesha malori. Baada ya vita akaingia jukwaani. Alikuwa Yente, mshenga mwenye maneno mengi, katika Fiddler on the Roof ya Broadway mwaka 1964, na mwaka 1966 akapata tuzo ya Tony kwa uigizaji wake katika Mame, iliyoongozwa na mumewe, Gene Saks. Lear alimwona miaka ya 1950 katika onyesho dogo la nyimbo na vichekesho jijini New York, na hakumsahau. Mwanamke mrefu kuliko wanaume wengi waliosimama naye, mwenye sauti nzito kama ya nahodha, na aliyejua jambo ambalo waigizaji wengi wa vichekesho hawajifunzi maishani: kunyamaza. Mtu akitamka upuuzi mbele yake, Arthur hakukimbilia jibu. Alimtazama. Watazamaji wa studio walianza kucheka kabla hajafungua kinywa, kwa sababu walijua kinachokuja.

Tazama asubuhi ya kifungua kinywa. Maude ameshika nyumba, amepika, na anataka kila mtu ale. Archie, mgonjwa na mkaidi, amejilaza na kukataa kuinuka. Mgeni mwingine yeyote angembembeleza, au angemletea sahani alipo kama Edith anavyofanya siku zote. Maude anasimama juu yake na kumpa uamuzi: ainuke ale, au abaki palepale ajilishe kwa mafuta ya mwili wake mwenyewe, na akichagua hilo la pili anaweza kukaa pale miezi kadhaa. Anayatamka polepole, bila kupandisha sauti, kama anayesoma maelekezo kwenye chupa ya dawa. Vicheko vya studio vinalipuka, na ukisikiliza vizuri utasikia ndani yake kitu cha ziada, furaha ya watu waliongoja karibu mwaka mzima kumwona yule mzee akipewa vidonge vyake.

Lakini ugomvi mkubwa haukuhusu chakula. Ulihusu Franklin Roosevelt. Archie anamponda rais huyo aliyekufa mwaka 1945, na Maude anamtetea kama anayetetea marehemu baba yake. Kwa kijana wa mwaka 1971 hilo lilikuwa gomvi la kale. Mitaani watu walikuwa wakizozana kuhusu Vietnam na Nixon. Na hapo ndipo palipo na ufundi wa waandishi. Mike akimtaja Nixon, Archie humwona mtoto asiyejua dunia. Lakini Roosevelt ni ujana wao wote wawili, Archie na Maude. Waliuonja mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 wakiwa hai, wakaona misaada ya serikali ikigawiwa, kila mmoja akatoka na hitimisho lake. Hapa Archie hawezi kujificha nyuma ya umri. Kwa mara ya kwanza anapigana na mtu aliyekuwapo.

Mara baada ya episodi hiyo kurushwa, Fred Silverman, mkuu wa vipindi wa CBS, alimpigia Lear simu. Alichosema kilikuwa kifupi: mwanamke yule anahitaji kipindi chake. Arthur alikuwa na umri wa miaka 49, hajawahi kuwa nyota wa televisheni, na katika biashara ile wanawake wa umri huo hupewa kazi ya kumimina chai nyuma ya mhusika mkuu.

Mbinu ya kuzaa kipindi kutoka ndani ya kingine haikuwa ngeni. Redio ya Marekani iliijua tangu mwaka 1941, pale The Great Gildersleeve ilipotoka katika Fibber McGee and Molly. Kwenye televisheni mfano uliokuwa ukirejelewa ulikuwa wa tarehe 15 Februari 1960: mchekeshaji Danny Thomas, katika kipindi chake, anapita na familia yake katika mji mdogo uitwao Mayberry, anakamatwa na sherifu kwa kosa la barabarani, na kabla ya nusu saa kwisha watazamaji wameshauona mji mzima na sherifu wake, Andy Griffith. The Andy Griffith Show ikaanza vuli ya mwaka huo. Mtayarishaji Sheldon Leonard alikuwa amepanga kila kitu tangu awali. Ilikuwa njia ya bei nafuu ya kutengeneza episodi ya majaribio na kuirusha hewani papo hapo. Episodi ya aina hiyo utaitambua kwa dalili moja: mwenye kipindi anageuka mgeni, na mgeni anapewa nafasi yote. Danny Thomas hana la maana la kufanya Mayberry zaidi ya kukasirika.

Maude alipatikana kwa njia nyingine. Hakuna aliyekaa mezani akapanga kumuuza. Alikuja kutatua tatizo la episodi moja, naye akakutwa ni mkubwa kuliko tatizo lenyewe. Ndiyo maana episodi ya pili, ya tarehe 11 Machi 1972, iliyotengenezwa sasa kwa makusudi ya kumtambulisha, hainivutii kama ile ya mafua. Safari hii Archie na Edith ndio wanaosafiri, kwenda Tuckahoe, kitongoji cha watu wenye nafasi kaskazini mwa jiji la New York, kwenye harusi ya Carol, binti wa Maude, na kijana Myahudi. Tunaoneshwa nyumba ya Maude, mume wake wa nne, Walter Findlay, na harusi inayovunjika kabla haijafungwa. Kazi imefanywa vizuri, ila unasikia wauzaji wakikutembeza chumba kwa chumba. Archie mwenyewe amepungua kimo. Yuko ugenini, na mbaguzi aliye ugenini ni mtu tu mwenye adabu mbaya.

Kipindi cha Maude kilianza Jumanne tarehe 12 Septemba 1972, wimbo wake wa utangulizi ukiimbwa na Donny Hathaway, na mwishoni mwa msimu kilishika nafasi ya nne kwa watazamaji nchini. Kabla miezi mitatu haijatimia kiliwasha moto. Katika episodi mbili za tarehe 14 na 21 Novemba, Maude mwenye umri wa miaka 47, aliye na binti mtu mzima na mjukuu, anagundua kwamba ana mimba, na baada ya mashauriano marefu na Walter anaamua kuitoa. Sheria ya jimbo la New York iliruhusu tangu mwaka 1970. Hukumu ya Mahakama ya Juu ya Marekani katika kesi ya Roe dhidi ya Wade, iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima, ilikuja tarehe 22 Januari 1973, miezi miwili baadaye. Vituo viwili vya Illinois vilikataa kuzirusha episodi hizo. Kiangazi kilichofuata, episodi zilipotangazwa kurudiwa, wapinzani walikuwa wamejipanga. Vituo vingi zaidi viligoma na wenye matangazo wakajitoa. Mwandishi wa episodi hizo alikuwa Susan Harris. Miaka kumi na mitatu baadaye mwandishi huyohuyo aliunda The Golden Girls, na alipomchora mhusika Dorothy kwenye karatasi aliandika kwamba ni mtu wa aina ya Bea Arthur. Mwishowe akampata Bea Arthur mwenyewe.

Kelele za mimba zimefunika jambo jingine lililotokea wiki ya tatu tu ya kipindi, ambalo kwa historia yetu ni kubwa zaidi. Tarehe 26 Septemba 1972 Maude aliajiri mfanyakazi wa ndani.

Florida Evans, mwanamke Mweusi, aliigizwa na Esther Rolle, mzaliwa wa Pompano Beach, Florida, binti wa wazazi wahamiaji kutoka Bahamas na mwigizaji wa jukwaani mwenye heshima zake. Rolle hakutaka nafasi hiyo. Alikuwa amechoka kuona wanawake Weusi wakioneshwa kama watumishi wenye kucheka hovyo. Alikubali baada ya kuhakikishiwa kwamba Florida hatakuwa wa namna hiyo. Na kweli, siku ya kwanza tu, Maude mpenda usawa, mtetezi wa Roosevelt na wanyonge wote, anamkaribisha Florida kwa mbwembwe: asitumie mlango wa nyuma kamwe, apite mlango wa mbele kama mgeni wa heshima, akae sebuleni, anywe nao kinywaji cha jioni. Florida anamtazama. Mlango wa nyuma unamfaa kwa kazi yake. Kunywa atakunywa na watu wake mwenyewe. Alichokuja kutafuta pale ni kazi na mshahara, na yuko tayari kuondoka kuliko kugeuzwa pambo la dhamiri safi ya mwajiri.

Miezi tisa nyuma, Maude ndiye aliyekuwa mgeni anayemkata kauli mwenye nyumba. Sasa ana nyumba yake, naye amekuwa mwenye nyumba kamili, anayejisikia mwema kwa sauti kubwa, na mtu mwingine ameingia kwa mlango wa nyuma kumkata kauli. Huo ndio mwendo wa ukoo mzima huu wa vipindi. Anayejibu anapewa nyumba. Akishapewa nyumba, anaota kiburi chake. Ndipo anapohitajika wa kumjibu.

Florida alidumu kwa Maude hadi mwanzoni mwa mwaka 1974, kisha naye akaondoka na kipindi chake. Good Times ilianza Ijumaa tarehe 8 Februari 1974. Rolle aliweka sharti moja: hatafanya kipindi kuhusu mama Mweusi anayelea watoto bila baba. Akampata John Amos, aliyekuwa ameshaigiza mume wake kwenye Maude kwa jina la Henry. Kipindi kipya kikamwita James. Mabadiliko hayakuishia kwenye jina. Akina Evans, waliokuwa watu wa New York, waliamka Chicago, ghorofani katika majengo ya serikali ya watu wa kipato cha chini, na hakuna aliyejisumbua kumweleza mtazamaji walihamaje. Waandishi wa televisheni ya enzi ile walihesabu kwamba watu husahau, na mara nyingi walihesabu sawa.

Waliokiunda ni Eric Monte na Mike Evans, wote Weusi. Huyo Evans ndiye aliyekuwa Lionel Jefferson, jirani wa Archie. Mtoto wa mwisho wa Florida, Michael, alipewa jina lake. James anafanya kazi hii na ile, anaachishwa, anatafuta nyingine, anarudi jioni na hasira na heshima yake. Kwa muda kilikuwa kipindi bora kabisa katika ukoo huu. Kisha watoto wa shule wakampenda J.J., kaka mkubwa aliyeigizwa na Jimmie Walker, mwembamba, mwenye kofia na kibwagizo chake kimoja alichokipiga kila wiki, na waandishi wakawa wanamtafutia nafasi ya kukipiga. Rolle alilalamika hadharani katika jarida la Ebony mwaka 1975: kijana wa miaka kumi na minane asiyefanya kazi anakuwaje kielelezo? Amos alilalamika ndani ya studio, bila kupunguza makali, mpaka akaondolewa baada ya msimu wa tatu. Mwaka 1976 watazamaji wakaambiwa James amekufa kwa ajali ya gari Mississippi. Sharti la Rolle likafa naye. Rolle mwenyewe akajitoa mwaka 1977, akarudi msimu wa mwisho, na mwaka 1979 nyumba ikafungwa. Kile kipindi kilichoanza kwa mwanamke aliyekataa kuwa pambo kikaishia kumfanya mwanawe pambo, na sioni namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Wakati huohuo, Mtaa wa Hauser ulikuwa unalea mtoto mwingine. Mama yake Lionel, Louise Jefferson, aliyeigizwa na Isabel Sanford, alikuwa akitembelea jikoni kwa Edith tangu mwaka 1971. Mume wake, George, alitajwa tu; hakuonekana. Lear alimtaka Sherman Hemsley, na Hemsley alikuwa Broadway akicheza Purlie. Badala ya kumtafuta mwingine, wakamleta Henry, kaka wa George, ashike nafasi ya ugomvi na Archie, na wakatunga visa vya kueleza kwa nini George hataki kutia mguu kwa mzungu. George alitokea mwaka 1973, mdogo wa umbo, mwenye mwendo wa jogoo, na ikabainika kwamba ana kila alichonacho Archie isipokuwa rangi.

Kwa masimulizi ya Lear, msukumo wa kumpandisha George ulitoka kwa wanachama watatu wa Black Panthers, chama cha wanaharakati Weusi, waliofika ofisini kwake kuilaumu Good Times: mbona familia ya Weusi kwenye televisheni lazima iwe maskini, baba akihangaika na vibarua bila kutoka? Tarehe 11 Januari 1975, George, mwenye biashara ya kufua nguo inayostawi, aliaga Queens akahamia ghorofa la kifahari Manhattan. Wiki moja baadaye, tarehe 18, The Jeffersons ikaanza. Wimbo wake wa utangulizi uliimbwa na Ja'net DuBois, ambaye kwenye Good Times alikuwa Willona, rafiki wa Florida.

Kwenye jengo jipya majirani ni Tom na Helen Willis, mzungu na Mweusi waliooana. Roxie Roker alipokuwa akisailiwa kwa nafasi ya Helen aliulizwa kama ataweza kuigiza mke wa mzungu bila kuona taabu. Akatoa kwenye mkoba picha yake na mumewe, Sy Kravitz. Mzungu. Mazungumzo juu ya suala hilo yakaishia hapo. Mtoto wao, Lenny, ndiye mwanamuziki anayejulikana leo.

Na mlango ukagongwa tena. Katika episodi ya kwanza George anamlazimisha Louise, ambaye zamani alikuwa mfanyakazi wa ndani wa watu, aajiri mfanyakazi wa ndani. Anakuja kusailiwa Florence Johnston, anayeigizwa na Marla Gibbs. Florence anaongea na Louise na Helen, na taratibu anang'amua kwamba wanawake hawa Weusi wote wawili wanaishi kwenye jengo lile, tena wanalipia wenyewe. Anawauliza kwa mshangao: ushindi wa Weusi ulipatikana lini, na mbona yeye hakuambiwa? Gibbs aliitwa kwa episodi hiyo moja tu. Kicheko cha studio kilimwajiri. Hata hivyo hakuiamini televisheni kwa haraka. Aliendelea kwa muda na kazi yake katika shirika la ndege la United mpaka alipohakikisha kwamba ukumbi huu hautamtupa.

George na Florence waligombana kwa miaka kumi. Kengele ya mlango inalia, yeye amekaa. George anamwamuru afungue, naye anamtajia umbali kati ya George na mlango. Kipindi kilifika episodi 253, kirefu kuliko kilichokizaa, na mwaka 1981 Isabel Sanford akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda tuzo ya Emmy ya mwigizaji mkuu wa vichekesho. CBS ilikifuta mwaka 1985 bila hata episodi ya kuagana. Hemsley alisema alizisoma habari hizo gazetini.

Walijaribu kumpa Florence nyumba yake pia. Mwaka 1981 alipelekwa kusimamia usafi wa hoteli katika Checking In, na akapewa bosi wa kuzozana naye, Larry Linville, mchekeshaji mahiri. Zilirushwa episodi nne. Bosi yule hakuwa na kosa lolote isipokuwa ugeni: mtazamaji alikuwa amemzoea Florence akigombana na George kwa miaka sita, kama Maude alivyokuja kwa Archie na deni la miaka mingi, na ghafla anaombwa acheke ugomvi ulioanza jana. Florence alirudi kwa George, na maelezo yakatolewa kwamba hoteli imeungua. Gloria, binti wa Archie, alipata kipindi chake mwaka 1982, bila Mike na bila baba wa kumpinga. Hakikuvuka msimu mmoja.

Maude mwenyewe aliondoka kabla hajafukuzwa. Arthur alipata Emmy mwaka 1977. Mwaka uliofuata Lear alimhamishia Maude Washington kama mbunge, akiwa na mpango wa kuanza upya huko. Arthur akafanya episodi chache, akaona zimetosha, akaaga.

Tarehe 22 Mei 2019 All in the Family na The Jeffersons ziliigizwa upya moja kwa moja hewani, neno kwa neno kutoka maandishi ya zamani, Woody Harrelson akiwa Archie na Jamie Foxx akiwa George. Lear alikuwapo, akiwa na miaka 96. Shirika lililorusha lilikuwa ABC, ileile iliyokataa mara mbili. Kutoka The Jeffersons walichagua episodi ya kwanza, na wengi walingoja kuona ni mwigizaji gani kijana atakayekuwa Florence. Mlango ulipofunguliwa aliingia Marla Gibbs, akikaribia kutimiza miaka 88. Ukumbi ulipiga makofi mpaka waigizaji wakasimamisha mchezo, naye akangoja watulie kabla ya kuwauliza akina mama wale lile swali lake.